Chokaa ya Kaburi la Baba

Kaka yangu mkubwa ameweka picha ya tanuri letu la chokaa kwenye simu yake. Anawaonyesha wenzake huko Dar es Salaam na kuwaambia kwamba hapo ndipo alipokulia. Uongo mtupu! Yeye alikulia sebuleni, sikio redioni. Kila siku ya kubeba mawe alikuwa anaumwa tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa linapona chakula kikiiva. Leo ukimsikia anavyolisimulia tanuri utadhani alizaliwa ndani yake.

Tanuri lipo mpaka sasa, kwenye mteremko juu ya kibanja chetu, upande wa Nyakakika. Ni shimo la mviringo lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kujengewa mawe ndani. Juu liko wazi, chini lina mdomo wa kuchochea moto. Mapadri wa Kizungu ndio waliolijenga zamani za babu, wakachoma chokaa ya kujengea kanisa lao. Kanisa lilipokwisha hawakuwa na haja nalo tena. Padri mmoja aliyependa bustani alikuwa amemwonyesha babu, kibarua wake, jinsi maharage yanavyobeba pale chokaa inapomwagika. Babu akaliomba tanuri, akapewa.

Udongo wa milima yetu unachacha. Mvua inaupiga mwaka hadi mwaka, na mwisho wake maharage yanatoka ya manjano, mgomba unazaa mkungu wa kuchezea watoto, na samadi unaiweka lakini huoni ilikokwenda. Chokaa inauondoa ule uchachu, basi. Hiyo ndiyo kazi yake shambani, haina uchawi wala muujiza. Babu alichoma, baba akachoma baada yake, na watu walikuja na baiskeli kutoka Ihanda na hata Songambele huko Kyerwa kuchukua chokaa ya vibanja vyao. Kibanja, kwa msomaji asiye wa huku, ni shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Humo tunaishi, humo tunakula, na tukifa humo tunazikwa.

Kisha ikaja mbolea ya mifuko. Lo! Watu wakajiona wamezaliwa upya. Chokaa ikawa kitu cha kizamani, cha kumwagia chooni. Wale wale waliokuwa wakimsalimia baba kwa kuinama wakaanza kumtania kuwa ni mzee wa vyoo. Udongo uliochacha ulikuwa unaitema hiyo mbolea yao, lakini nani atamwambia kitu mtu aliyebeba mfuko wenye maandishi? Penye miti hapana wajenzi. Baba akaendelea kuchoma kwa ajili ya kibanja chake tu, mpaka nguvu zikamwishia, na mbuzi wakahamia tanurini.

Alipofariki tulimzika nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Wakati huo nilikuwa nimeshaachana na mume wangu na kurudi nyumbani. Nilikuwa, na bado ni, fundi cherehani pale Ihanda, asubuhi naenda kwa bodaboda, jioni narudi kwa mama. Kaka zangu walikuja kuzika, wakalia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote, wakapanda basi. Mama akabaki na kibanja, na kibanja kikabaki na miaka kadhaa bila chokaa.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mtu hataelewa kwa nini nina hasira. Kwetu, kwa desturi, mjane hamiliki kibanja, anakitunza tu. Ukoo unamwangalia. Kikistawi anaachwa azeeke humo. Kikichoka, wazee wa ukoo wanakaa, wanapewa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wanasema kimemshinda, na kinapelekwa kwa ndugu wa marehemu. Sheria ya serikali inasema vingine, najua, nimeshaambiwa sana na watu wa maofisini. Waje basi waisome pale wazee wanapokaa, tuone itafika ukurasa gani.

Na ndugu wa marehemu yupo. Baba yangu mdogo, mdogo wake baba tumbo moja, kibanja chake kinapakana na chetu. Tangu tutoke kwenye matanga alikuwa haachi kupita na fimbo yake, anagonga shina la mgomba kama daktari anayempima mgonjwa asiyemhurumia.

"Shemeji," anamwambia mama, "huu nao umechoka."

"Umechoka, waitu," mama anajibu, kwa neno letu la heshima. "Karibu chai."

Na chai anakunywa! Anakunywa, anamaliza, anaangalia huku na huku kama mtu anayepima mahali pa kuweka kabati lake. Mimi nilikuwa nampa shikamoo huku meno nimeyauma. Siku moja akasema, akiwa bado ameshika kikombe chetu, kwamba amezungumza na wazee, na masika yajayo yakiisha watakuja kukikagua kibanja. Mama akamwongezea sukari.

Hapo ndipo alipokuja bibi shamba, binti mdogo tu aliyepangiwa kata yetu, ana buti na kisanduku. Alichota udongo wetu, akauchanganya na dawa yake kwenye kichupa, rangi ikageuka. Akatikisa kichwa. "Mama, udongo wako una tindikali kali. Unataka chokaa kabla ya kitu kingine chochote. Tatizo ni kwamba madukani huku haipatikani kirahisi."

Mama alicheka mpaka akashika magoti. Akamshika yule binti mkono, akampandisha mpaka tanurini, akawafukuza mbuzi. Bibi shamba alizunguka lile shimo, akainama akachungulia mdomoni, akatoka na utando wa buibui kichwani na furaha usoni. Ndiye mtu pekee aliyelitazama tanuri lile kwa macho ya mtu mwenye akili tangu baba afe, nami nilimpenda palepale.

Kuni zilikuwa shida. Baba alikuwa amepanda mikaratusi pembeni ya kibanja, na mmoja, ule mnene ulionyooka, aliuweka kwa ajili ya jeneza la mama. Kwetu si jambo la kutisha. Mtu anayejali anaujua mti wake. Wa kwake baba ulikuwa umeshaondoka naye. Mama aliupapasa ule mti, akamwambia mpasua mbao auangushe pamoja na mingine.

"Mama, huo ni wako," nikamwambia.

"Nikifukuzwa hapa, jeneza nitaliweka wapi?" akasema. "Angusha."

Wanawake wa kikundi chetu cha kuzikana walikuja kubeba mawe kutoka korongoni. Mawe yale ya chokaa ni mazito kuliko yanavyoonekana, na njia ni ya kupanda. Wanaume wa kijiji walikaa ukingoni wakitupa ushauri. Ushauri wao ulikuwa mwingi, na wote ulihusu namna wanawake wanavyobeba vibaya. Tukapanga safu ya kuni, safu ya mawe, safu ya kuni, mpaka juu. Mama akawasha chini. Tulichochea kwa zamu mpaka moshi mweusi ukawa mweupe na mwisho ukawa joto tu linalotetemeka hewani. Ukigonga jiwe lililoiva linalia kama chungu, na ukilinyanyua unashangaa jinsi lilivyo jepesi.

Kuzima ndiyo kazi ninayoipenda. Unalimwagia jiwe maji, linanyamaza kidogo kama linafikiri, halafu linaanza kupasuka, kufoka na kuchemka, mpaka linageuka unga mweupe mbele ya macho yako. Mama alijifunga kanga mdomoni, akamwagia, akarudi nyuma, akamwagia. Mwisho tulikuwa na lundo zuri, jeupe, laini. Lakini kibanja kilikuwa kimetoka kuwekwa samadi, na ukichanganya samadi mbichi na chokaa, nguvu ya samadi inapotea hewani. Kwa hiyo tukalifunika lundo humo humo tanurini kwa majani ya migomba na mabati, lisubiri kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka, tulimwage kabla ya masika. Lilitosha kibanja chote. Mama alikuwa analichungulia kila asubuhi kama mtu mwenye ng'ombe aliyezaa.

Desemba ikafika, na Desemba huku kwetu maana yake ni watu wa mjini. Kaka yangu alipiga simu kwamba wanakuja wote kulijengea kaburi la baba na kulibariki, maana ni aibu. Aibu gani? Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao na maua aliyoyapanda mama. Lakini jirani fulani alikuwa amejenga kaburi la mama yake lenye paa na nguzo, likapigwa picha likasambazwa kwenye simu, na kaka yangu akashindwa kulala huko Dar es Salaam. Ndiyo hivyo. Kwetu kuna watu wana makaburi yenye sakafu wakati wazazi waliobaki hai wanalala kwenye vumbi.

Wakaja. Magari mawili, wifi yangu na miwani yake, wadogo zangu wa kiume na suti zao. Salamu zilikuwa hazijaisha kaka ameshauliza senene ziko wapi, kama vile sisi kazi yetu mwaka mzima ni kumkamatia panzi. Mama aliwapikia ndizi na maharage, akafurahi kweli, maana mama ni mama.

Kesho yake mimi na mama tuliondoka asubuhi kwenda Ihanda kununua mchele na mafuta ya sherehe. Tuliwaacha na saruji yao na fundi wao. Tuliporudi mchana, tulipokata kona ya nyumba, nilidhani tumepotea njia.

Kila kitu kilikuwa cheupe. Kaburi jeupe, sawa. Lakini na mawe! Walikuwa wamepanga mawe kutoka barabarani hadi kaburini, huku na huku, yote meupe, kama njia ya kumpokea waziri. Ukuta wa nyumba mweupe, mlango wa choo mweupe. Kisha nikaona migomba. Jamani! Walikuwa wameipaka migomba! Mgomba ambao ganda lake linavuliwa kama shati, wao wameupaka chokaa mpaka kiunoni, safu nzima, imesimama pale kama wanafunzi waliovaa soksi. Wifi alikuwa anaipiga picha.

Nilikimbia tanurini. Mabati yalikuwa kando. Ndani palikuwa na mikwaruzo ya koleo tu, na mbuzi mmoja.

Nikashuka mbio. Kaka alikuwa amesimama karibu na kaburi, ana brashi mkononi, uso umejaa furaha. "Mama, tumekushtukiza!" anasema. "Umeona? Baba sasa anapumzika mahali pa heshima."

"Chokaa iko wapi?" nikauliza.

"Si hii? Imetosha kabisa, mpaka imebaki. Iliyobaki tumeimwaga hapo."

Akaonyesha chini ya kaburi, pale walipokuwa wanakoroga. Palikuwa na ziwa zima la uji mweupe, limemwagwa tu, linateremka taratibu kwenye kipande kile cha kibanja kilichozunguka kaburi. Chokaa ya shamba zima, mawe tuliyoyabeba mgongoni, mti wa jeneza la mama, vyote vimekwenda kwenye soksi za migomba na kidimbwi!

"Nani aliwaambia muichukue?"

"Baba mdogo. Alisema ni chokaa ya baba, itumike kwa baba, na tuikorogee hapa hapa miguuni pake. Nikaona amesema neno la maana."

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti chetu kizuri, anakula ndizi zetu. Alijua. Alijua vizuri sana ile chokaa ni ya nini, maana alituona tukichoma, na yeye mwenyewe amekula maharage ya chokaa ya kaka yake tangu akiwa mdogo. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaniangalia, akajifuta mdomo, akasema, "Msibani na makaburini hatuhesabiani, mwanangu."

Niliyoyasema pale siyaandiki. Kaka alisema chokaa ni chokaa tu, ataninunulia ndoo ya rangi dukani, niache kumharibia mama siku. Wifi akasema nina uchungu wa kuachika. Nikawageukia wote wawili, na hayo nayo siyaandiki.

Mama hakupiga kelele. Alilitazama lile ziwa jeupe, akatazama migomba yenye soksi, akasema, "Asanteni, wanangu. Mmefanya kazi." Kisha akaingia jikoni. Niliingia nyuma yake nikamkuta amekalia kigoda, mikono imelegea mapajani, hata moto hajawasha. Sijawahi kumchukia kaka yangu kama dakika ile.

Sherehe ilifanyika. Katekista alibariki. Kaka alitoa hotuba ndefu kuhusu baba aliyeipenda ardhi, na alipokuwa anasema ardhi alikuwa ameegemea kaburi, kwa hiyo aliporudi kukaa suti yake nyeusi ilikuwa na mgongo mweupe. Wote walikuwa hivyo. Kila aliyepita karibu na ukuta, na jiwe, na mgomba, aliondoka na alama yake. Nilicheka mwenyewe moyoni mpaka nikapata nafuu kidogo. Mvua ikaja kumalizia, mvua ya Desemba isiyobisha hodi, ikaosha mawe na migomba mbele ya wageni, maji meupe yakateremka yakakutana na lile ziwa. Wageni wakakimbilia barazani. Mama akachukua jembe, akatoka kwenye mvua na nguo yake ya sherehe, akaanza kuchimba vijifereji ili maji yale yasipotee barabarani, yaingie kwenye kipande kile cha chini ya kaburi.

"Mama anafanya nini?" kaka akauliza.

"Analima," nikasema. "Hujawahi kuona?"

Wakaondoka. Masika yakaja, tukapanda maharage kibanja kizima. Yaliota kama kawaida ya udongo uliochacha, manjano, mafupi, yanasikitisha. Isipokuwa kipande cha kaburi. Hapo yalikuwa ya kijani kibichi, yamepandiana, yamebeba mpaka yanalala, na migomba iliyokuwa hapo, ile ile iliyovishwa soksi, ilitoa majani mapana na machipukizi manene. Ungeweza kusimama ukaona mpaka wake ulivyokatika, upande huu uhai, upande huu huzuni. Bibi shamba alikuja akapiga picha, akasema ndiyo chokaa hiyo hiyo aliyoisema, angetuletea mfano gani mzuri kuliko huu.

Masika yakaisha, wazee wakaja kama walivyoahidi, na baba mdogo mbele na fimbo yake. Mama aliwaandalia rubisi. Mimi sikwenda Ihanda siku hiyo, nilikaa mlangoni, ingawa mtoto wa kike wa kuachika hana neno kwenye kikao kile. Walianzia mbele ya nyumba. Wanatikisa vichwa. Baba mdogo anagonga, "Mnaona? Mnaona?" Wanaona. Mama anatembea nyuma yao mikono ameifunga kwenye kanga, na mimi nilikuwa nahesabu moyoni vyombo vyetu, kipi kitaingia kwenye gari na kipi hakitaingia.

Wakafika kaburini, wakasimama.

Mzee wao mkubwa akavua kofia. Akaangalia maharage, akaangalia kaburi, akaangalia maharage. "Huyu," akasema polepole, "anamlisha mke wake."

"Ni chokaa, waitu," mama akasema. "Watoto waliimwaga hapa. Ni ile ya tanurini. Tukichoma nyingine kibanja chote kitakuwa hivi."

Wakamwangalia kwa heshima. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, nikasikia, kwamba mjane ana busara, anaficha jambo la marehemu. Mama akarudia, kwa sauti zaidi, ni chokaa. Bibi shamba amepima. Njooni muone tanuri. Nani anasikia? Baba mdogo alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na uso wake umekuwa rangi ya majivu. Yeye ndiye aliyewaambia wakorogee pale, miguuni mwa kaka yake, na sasa kaka yake amejibu. Ukweli wangu wa Mungu, sijawahi kuona mtu akiogopa maharage namna ile. Wazee wakaamua palepale, wakiwa wamesimama, kwamba kibanja kisiguswe, mwenyewe bado yumo ndani yake.

Rubisi wakanywa yote, kwa kweli.

Nami ningeishia kucheka, lakini ngoja. Wiki haikuisha baba mdogo akaonekana anapaka kaburi la babu, lililo kwenye kibanja chake, rangi nyeupe. Rangi ya ukutani, ya ndoo! Akafuata wa pili, wa tatu. Mwenye duka la Ihanda, Mswahili ambaye babu zake walitoka Tanga, ameniuliza nikiwa cherehanini, "Dada, kuna ugonjwa gani kwenu? Makaburi yenu yamenimalizia rangi." Nimepita vibanja vyao. Makaburi yanang'aa, maharage ya manjano yameyazunguka, na watu wamekaa wanawasubiri marehemu waanze kazi. Wapo waliokuja hadi kutoka Songambele kumuuliza mama ni sala gani aliisema. Mama huwaambia: leteni kuni, bebeni mawe, tanuri lipo, tuchome pamoja. Wanaitikia, wanashukuru, wanaondoka. Hajarudi hata mmoja.

Kaka naye amezipata habari. Alipiga simu, sauti imejaa majivuno, akasema mnaona sasa, si mlinigombeza? Kaburi ndilo lililookoa kibanja. Tena Desemba hii anakuja na marumaru, alifunike lote, na azungushie saruji pana pale chini pasiote majani tena. Pale chini! Penye maharage! Nilimkatia simu kabla sijatenda dhambi.

Nilimwambia mama. Alikuwa anachambua hayo hayo maharage, mengine anayaweka ya mbegu. Aliendelea kuchambua, na nilipomwangalia vizuri nikaona machozi yanaanguka kwenye ungo.

"Nimelima hapa tangu nikiwa bibi harusi," akasema. "Mawe nimebeba, mti wangu nimeuchoma. Nimewaambia kwa mdomo wangu. Na wamemshukuru maiti."

Na ni kweli. Walimwachia kibanja kwa heshima ya mume aliyelala chini, siyo yake yeye aliyesimama mbele yao na udongo kwenye kucha.

"Siku yangu ikifika," akasema, "msinijengee kitu. Jeneza sina tena, nifungeni kwenye mkeka. Nimwagieni chokaa ya tanuri, pandeni mgomba, mle ndizi zake. Utaweza kumzuia kaka yako?"

Nikamwambia nitaweza. Sijui nitamzuiaje, kwenye ukoo sina hata kigoda cha kukalia. Lakini tumeshaanza kubeba mawe tena, mimi na yeye na wanawake wachache, na Desemba ikifika, atakayekuja na marumaru atanikuta nimekaa palepale chini ya kaburi, katikati ya maharage.